Mhazili, Katibu Mkuu na ndege wa Serengeti: neno moja la Kiingereza limewafikiaje wote?

Swali: Mimi ni mhazili katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Posta, Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya tangu enzi za mashine za taipu. Hivi karibuni mkurugenzi ameagiza vyeo vyetu vibadilishwe kwenye mikataba: neno “secretary” liondolewe na tuandikwe “administrative assistant”, kwa maelezo kwamba jina la zamani linamshusha mtu. Mwanangu aliye kidato cha tatu ameniongezea mawazo aliponiuliza kwa nini basi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani na hata ndege mmoja wa Serengeti wanaitwa “secretary” kwa Kiingereza. Naomba kujua neno hili lilianzaje, lina maana gani hasa, na kama ni kweli kwamba ni jina dogo. Mhazili, Ilala.

Jibu: Dada yangu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa naona ndiyo iliyokugusa zaidi. Jina hilo si dogo. Neno “secretary” lilikuwepo kwa karne nyingi kabla mashine ya taipu haijabuniwa, na lilimtaja mtu anayeaminiwa kuyajua mambo ambayo wengine hawaruhusiwi kuyajua. Ndiyo maana limeweza kumfaa mhazili wa kampuni na kumfaa pia kiongozi wa taasisi ya dunia nzima. Udogo ambao mkurugenzi wako anausikia ndani yake uliongezwa katika miaka 150 hivi iliyopita, na sababu zake zinaeleweka vizuri ukizifuata kwa utaratibu.

Chimbuko ni Kilatini. Kulikuwa na kitenzi “cernere”, chenye maana ya kuchekecha nafaka ili safi itoke kwenye makapi, na kutokana na hapo kikapata maana ya kupambanua jambo kwa akili. Kilipoongezewa mwanzoni kiambishi “se-”, kinachoonyesha utengano, kikawa “secernere”, kutenga kitu kando, na kile kilichotengwa kikaitwa “secretum”. Huko ndiko Waingereza walikopata neno lao la siri. Kwa fikra hiyo ya Kirumi, siri ni jambo lililochujwa likaondolewa katika mazungumzo ya watu wote na kuwekwa mahali pa wachache. Katika Kilatini cha Zama za Kati juu ya neno hilo likajengwa jina la mtu, “secretarius”, yaani aliyekabidhiwa yale yaliyotengwa.

Inafaa ufahamu kwamba Warumi wa zama za Cicero hawakumwita hivyo msaidizi wao wa uandishi. Cicero, msemaji na mwanasiasa aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, alikuwa na mtumwa aitwaye Tiro ambaye baadaye alimwacha huru. Tiro aliandika barua za bwana wake kwa imla, akazitunza, akamsaidia katika mambo yake ya fedha, na mapokeo yanamtaja kuwa ndiye aliyebuni hati mkato ya Kilatini, alama ambazo makarani wa Ulaya waliendelea kuzitumia kwa karne nyingi baada yake. Ukiyapima majukumu yake, Tiro alikuwa mhazili kamili. Hata hivyo watu wa kazi yake waliitwa kwa majina yaliyotaja mkono na maandishi: huyu aliitwa “amanuensis”, mtumwa wa kazi ya mkono, yule “librarius”, mnakili, na mwingine “notarius”, mwandika alama za haraka. Jina linalotaja siri lilishika kadiri utawala ulivyozidi kuamuliwa faraghani. Katika dola ya Bizanti, iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, kuanzia karne ya 6 tunakutana na waandishi wa ngazi ya juu wa kaisari walioitwa “asekretis”, jina lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya “wa mambo ya siri”. Hao walikuwa maofisa wa ikulu, na mkuu wao alihesabiwa miongoni mwa vigogo wa dola. Walishika kalamu, naam, lakini walikabidhiwa kalamu kwa sababu walikuwa tayari wamekubaliwa kuingia chumbani.

Kiingereza kililipokea neno hilo mwishoni mwa karne ya 14. Mwanzoni halikuwa lazima liwe cheo: rafiki wa kumweleza ya moyoni aliweza kuitwa “secretary” wako, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Sambamba na matumizi hayo likawa jina la ofisa wa mfalme, na hapa historia ya mihuri inatusaidia sana. Mfalme wa Uingereza alikuwa na muhuri mkuu uliotunzwa na mshauri wake mkuu wa sheria, halafu muhuri wa pili uliotunzwa na ofisa mwingine, na mihuri yote miwili baada ya muda ikajengewa ofisi zake zenye makarani na taratibu nzito, mbali na chumba cha mfalme. Kilichobaki karibu naye ni kimuhuri kidogo cha kufungia barua zake binafsi, na aliyekishika ni katibu wake. Kwa hiyo mfalme alipotaka jambo lifanyike haraka, pasipo kuzungushwa ofisini, barua ilipita kwa mtu huyo. Uwezo wa katibu ulikua kwa njia hiyo, kutokana na mahali aliposimama, bila sheria yoyote iliyotungwa kumpa madaraka.

Thomas Cromwell alipokuwa katibu wa mfalme Henry wa Nane mwaka 1534, aliigeuza nafasi hiyo kuwa kitovu cha serikali nzima, na mwaka 1540 kazi ilikuwa imekuwa kubwa kiasi cha kugawiwa watu wawili, Thomas Wriothesley na Ralph Sadler. Lakini anayeionyesha vizuri zaidi maana ya asili ya neno hili ni Francis Walsingham, katibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza tangu mwaka 1573 hadi alipofariki mwaka 1590. Mwaka 1586 watu wa Walsingham walikuwa wakizinasa barua za fumbo za Mary, aliyekuwa malkia wa Scotland na wakati huo mfungwa, zilizokuwa zikipitishwa kwa kufichwa ndani ya mapipa ya bia. Mtaalamu wake wa mafumbo, Thomas Phelippes, alizifumbua moja baada ya nyingine, na katika barua hizo ukapatikana ushahidi kwamba Mary alikubali njama ya kumuua Elizabeth. Mary alikatwa kichwa Februari 1587. Aliyeisimamia kazi hiyo yote alikuwa katibu. Sidhani kama kuna aliyemtazama Walsingham akaona mpiga chapa, na bado jina lake la kazi ndilo hilohilo linalofutwa katika mkataba wako.

Mfano mwingine, wa utulivu zaidi, ni Samuel Pepys, aliyekuwa katibu wa idara ya jeshi la majini la Uingereza katika karne ya 17. Shajara yake ya miaka ya 1660 hadi 1669 aliiandika kwa hati mkato, ili mtu wa kawaida anayeifungua asielewe. Hati mkato inayofundishwa leo kama ufundi wa kasi ilimfaa Pepys pia kama kufuli.

Kutoka kwa makatibu wa wafalme ndiko yalikotoka majina ya vyeo yanayomchanganya mwanao. Katibu wa mfalme wa Uingereza alikuja kuitwa katibu wa dola, na cheo kikapanda hadi kuwa cha waziri kamili wa baraza. Marekani ilipoanzisha serikali yake mpya mwaka 1789 ililichukua jina hilo likiwa tayari na heshima, ikalitumia kwa wakuu wa wizara zake, na Thomas Jefferson akawa wa kwanza kushika wizara ya mambo ya nje kwa jina hilo mwaka 1790. Hapa ndipo watafsiri wetu wanapopaswa kuwa macho. Magazeti makini ya Dar es Salaam huandika “Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani”, na yanafanya sawasawa, kwa sababu tafsiri ya cheo inapaswa kufuata madaraka. Ninaposikia mtangazaji akisema “Katibu wa Nchi wa Marekani” nasikitika, maana msikilizaji anabaki akimfikiria ofisa wa mafaili wakati anayetajwa ni mmoja wa watu wenye nguvu kubwa katika siasa za dunia. Jirani zetu wa Kenya nao wamepita njia hiyo tangu Katiba yao ya mwaka 2010, ambayo kwa Kiingereza iliwaita mawaziri “cabinet secretaries”. Waandishi wa Kiswahili wa huko wameendelea kuandika “waziri”, na msomaji hapotei.

Sisi Tanzania tulirithi upande wa pili wa mfumo wa Uingereza, ule unaotenganisha waziri, ambaye ni mwanasiasa anayekuja na kuondoka, na katibu mkuu, ambaye ni mtumishi mtendaji wa juu wa wizara. Wakati wa utawala wa Waingereza, msaidizi mkuu wa gavana hapa Dar es Salaam aliitwa “Chief Secretary”, na baada ya uhuru cheo cha namna hiyo kimeendelea kwetu kwa jina la Katibu Mkuu Kiongozi. Chini yake wapo makatibu wakuu wa wizara, makatibu tawala wa mikoa, makatibu tawala wa wilaya. Hawa wote, kwa Kiingereza, wanatumia neno lilelile ambalo mkurugenzi wako analiona dogo.

Katika vyama na mashirika neno hili lilipata safari yake yenyewe, nayo inafundisha. Chama chochote, kuanzia chama cha siasa hadi kikundi cha VICOBA pale Mbagala, kina mwenyekiti anayeongoza kikao na katibu anayeandika kilichoamuliwa. Kwa mtazamo wa haraka mwenyekiti ndiye mkubwa. Lakini katibu ndiye anayepanga ajenda, anayeita wajumbe, anayejua nani amekopa na nani hajarejesha, na kumbukumbu zikibishaniwa, daftari lake ndilo linalofunguliwa. Stalin alipopewa ukatibu mkuu wa chama cha Kikomunisti cha Urusi mwaka 1922, wenzake wengi waliiona kuwa kazi ya makaratasi. Kwa kupitia makaratasi hayo hayo aliwapanga watu wake katika nafasi za chama hadi hakubaki wa kumpinga. Ni mfano mchungu, ila unaonyesha wazi nguvu iliyomo katika kujua na kuandika yanayowahusu wengine. Kwa upande wa heri, Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa uliamua mtendaji wake mkuu aitwe katibu mkuu, kwa maana kwamba yeye ni mtumishi wa nchi wanachama na si mtawala wao, na Trygve Lie wa Norwei akawa wa kwanza mwaka 1946. Mtanzania mwenzetu, Dkt. Salim Ahmed Salim, alishika cheo cha jina hilo katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1989 hadi 2001. Unyenyekevu uliomo katika jina hilo ni wa makusudi: linasema kwamba mwenye nalo anafanya kazi kwa niaba ya wengine, tena kwa kuaminiwa nao.

Sasa turudi nyumbani kwenye Kiswahili, kwa sababu sisi hatukulichukua neno la Kiingereza moja kwa moja, ukiacha “sekretari” ya mazungumzo na “sekretarieti” ya vyombo rasmi. Tuna “katibu”, linalotoka katika Kiarabu “kātib”, mwandishi, na mzizi wake ndio uliotupatia kitabu, katiba, mkataba, maktaba na mkutubi. Kiswahili, basi, kinamtaja mtu huyu kwa kuandika kwake, pale ambapo Kilatini kilimtaja kwa siri anazozitunza. Ukilitazama jambo kijuujuu utadhani njia hizi mbili hazikutani. Zinakutana, na mahali zinapokutana ni Kairo. Katika dola ya Wamamluki, waliotawala Misri na Sham tangu katikati ya karne ya 13 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, mkuu wa ofisi ya barua za sultani aliitwa “kātib al-sirr”, katibu wa siri. Na hiyo “sirr” ni “siri” hii tunayoitumia sisi kila siku. Hata leo Waarabu humwita katibu wa chama “amīn al-sirr”, mwaminifu wa siri, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwao ni “al-amīn al-ʿāmm”. Katika “amīn” hiyo utaisikia amana, imani na uaminifu. Watu wa Ulaya ya Kilatini, wa Konstantinopoli na wa Kairo walifika mahali pamoja walipotafuta jina la mtu huyu, na binafsi hilo naliona kuwa ushahidi mzito kuliko maoni ya ofisi yoyote kuhusu ukubwa au udogo wa neno.

Niongeze kwa ufupi kwamba “karani” lina asili nyingine, lilitujia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara na uandishi wa hesabu, na limebaki likimtaja mwandishi wa kumbukumbu na takwimu, kama makarani wa sensa. Mpaka kati ya karani na katibu hauendi sambamba na mipaka ya Kiingereza. Ofisa mtendaji wa Bunge letu tunamwita Katibu wa Bunge, wakati Waingereza kwao ni “clerk”, neno ambalo asili yake ni la wanadini, kwa sababu zamani waliojua kusoma na kuandika Ulaya walikuwa hasa watu wa kanisa.

Tufike sasa kwenye ule udogo ulioongezwa baadaye, nilioutaja mwanzoni. Hadi karibu mwisho wa karne ya 19 kazi za ofisi katika Ulaya na Marekani zilikuwa za wanaume, na kijana aliyeingia kuwa katibu wa mfanyabiashara alitarajia kujifunza biashara hiyo na siku moja kuwa mshirika au bwana. Mambo mawili yaliibadilisha hali hiyo. Isaac Pitman alichapisha mfumo wake wa hati mkato mwaka 1837, ukaweza kufundishwa kwa wingi madarasani. Kisha kampuni ya Remington ya Marekani ikaingiza sokoni mashine ya taipu mwaka 1874. Viwanda, reli, benki na bima zilikuwa zikikua na kuzalisha barua nyingi kupita uwezo wa kalamu, na wenye ofisi wakagundua kwamba wanawake waliosoma wangefanya kazi hiyo kwa ustadi na kwa mshahara mdogo kuliko wanaume. Katika vizazi viwili tu kazi ikawa ya wanawake, na ngazi iliyokuwa ikimpandisha katibu kijana kuelekea ukurugenzi ikaondolewa. Jina likabaki lilelile, ila ahadi iliyokuwa ndani yake ikatolewa kimyakimya.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo jibu la kweli kwa mkurugenzi wako. Kilichoshuka ni malipo na nafasi ya kupanda, na vilishuka wakati uleule wanawake walipoingia. Neno lenyewe halikuwa na kosa. Kulifuta neno pasipo kurudisha ngazi iliyoondolewa ni kutibu jeraha kwa kubadilisha jina la mgonjwa.

Hapa kwetu kazi hii ilijengewa heshima yake kwa mafunzo. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kimetoa wahazili waliosambaa katika ofisi za nchi nzima, na matangazo ya kazi ya serikali kwa miaka mingi yalidai hati mkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 kwa dakika moja, kiwango ambacho wasomi wengi wenye shahada wasingekifikia. Jina la kazi nalo limekuwa likibadilika: mhazili, katibu muhtasi, katibu mahsusi, na katika matangazo ya miaka ya karibuni, mwandishi mwendesha ofisi. Kati ya hayo mimi napenda “katibu mahsusi”. Neno “mahsusi” lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kilichotengwa kwa ajili ya jambo au mtu fulani, hivyo lile wazo la kale la kutenga kando limerudi humo kwa mlango mwingine. “Mwandishi mwendesha ofisi” linataja kazi kwa uwazi zaidi, na hilo ni jema, lakini limeuacha nje uaminifu.

Kama unataka mfano wa karibu wa uzito wa nafasi hii, mfikirie Joan Wicken, Mwingereza aliyesaidia kuanzishwa kwa Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1961, na aliyemtumikia Mwalimu Julius Nyerere akiwa msaidizi wake binafsi kwa zaidi ya miaka 30. Alisaidia kuandaa hotuba na maandishi ya Mwalimu, aliyajua mengi ya nchi hii, na aliishi bila kujitangaza. Cheo chake kilitumia neno la msaidizi, na hakuna aliyekuwa karibu na Ikulu aliyemdharau kwa hilo.

Kwa hiyo sina ugomvi na neno “assistant” pia. Asili yake ni Kilatini “assistere”, kusimama karibu na mtu, na katika utumishi lipo kwenye vyeo vya kila urefu, kuanzia mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu hadi maofisa wa juu wa polisi. Ugumu wake ni kwamba halina mpaka. Linasema umesimama karibu na mwenye kazi, lakini halisemi umekabidhiwa nini. Kwa Kiswahili cha mjini ugumu huo unaongezeka, kwa kuwa “msaidizi” pekee, bila neno la kulifafanua, watu wengi huelewa msaidizi wa kazi za ndani, kazi yenye heshima yake lakini si hii yako. Mabadiliko ya jina hayakuanza na mkurugenzi wako. Huko Marekani, wiki ya kuwaenzi makatibu iliyoanza mwaka 1952 ilibadilishwa jina mwaka 2000 ili itaje wataalamu wa utawala, kwa hoja hiyohiyo ya kupandisha hadhi. Kompyuta ilikuwa imeshaifanya kazi ya kupiga chapa kuwa ya kila mtu, na waliobaki katika nafasi hizo walikuwa wakiratibu safari, bajeti na vikao, kwa hiyo hoja ilikuwa na ukweli wake. Hapa nchini, kwa upande mwingine, chama cha taaluma yenu, TAPSEA, kilijiita Chama cha Makatibu Mahsusi Tanzania, na naona kilifanya vyema kulishika neno katibu.

Kuhusu ndege, mweleze mwanao kwamba ni yule mrefu mwenye miguu kama ya korongo anayetembea nyikani akiwapiga nyoka kwa mateke, na kwa Kiswahili anaitwa karani tamba. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba manyoya marefu yaliyosimama nyuma ya kichwa chake yaliwakumbusha Wazungu makarani wao wa zamani, waliochomeka kalamu za unyoya sikioni. Arnout Vosmaer, Mholanzi aliyemweleza ndege huyo kwa maandishi mwaka 1769, alikuwa na dhana nyingine: kwamba jina la kwanza lilikuwa “sagittarius”, mpiga mishale, kwa jinsi anavyotembea, na watu wakalipotosha kuwa “secretarius”. Jina lake la kisayansi hadi leo ni Sagittarius serpentarius. Akikutana pia na neno hilo likitaja meza ya kuandikia yenye kifuniko na droo za kufunga kwa ufunguo, ajue lilipitia Kifaransa, na kwamba droo hizo zenye ufunguo zinaliendea jina vizuri.

Kwa mkataba wako, ningekushauri uache kulipigania neno la Kiingereza na uelekeze nguvu kwenye maelezo ya kazi yanayofuata chini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, na yanapobadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Tazama kama yafuatayo bado yametajwa kuwa ni yako: kuandika na kutunza mihtasari ya vikao vya menejimenti, kutunza majalada ya siri, kusimamia ratiba na mawasiliano ya mkurugenzi, na wajibu wa kutotoa habari za kampuni na za wateja wake. Kama wewe pia ndiye unayeandika kumbukumbu za bodi, uliza ni nani katibu wa kampuni kisheria, kwa kuwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kila kampuni iwe naye, na wajibu wake hauwezi kuhamishwa kwa kubadilisha maneno kwenye kitambulisho. Majukumu hayo yakiwa yameandikwa, daraja la mshahara unaweza kulijadili nayo mkononi, chini ya jina lolote. Yakiwa yametolewa na likabaki neno “assistant” peke yake na mstari wa “kazi nyingine utakazopangiwa”, usitie sahihi kabla hujaeleweshwa. Na katika wasifu wako wa Kiingereza andika cheo kama kilivyokuwa katika kila kipindi, “secretary” kwa miaka ile uliyoitwa hivyo, na chini yake taja vikao ulivyoviandikia, majalada uliyoyatunza na wakubwa uliowatumikia kwa vyeo vyao.